Ubao Uliofufuliwa: Uaminifu kwa Kitu na Uaminifu kwa Kauli

Swali tunalokusudia kulijadili katika makala haya si geni katika taaluma ya uhakiki, ingawa safari hii limetujia kwa mlango wa karakana, si wa maktaba. Swali lenyewe ni hili: mtu anapokifufua chombo cha kale kilichokuwa kikiuarifu umma jambo, ana deni la uaminifu kwa nini hasa? Kwa mata ya chombo chenyewe, kwa umbo lake, au kwa ile kauli ambayo chombo kiliundwa ili kiitoe? Wahakiki tumelizoea swali hili linapohusu miswada. Huwa wavivu kidogo linapohusu vitu vyenye parafujo na nyaya, ilhali vitu hivyo navyo vina maandishi, vina wasomaji, na aghalabu vina wahariri.

Kisa kilichotuchokoza ni hiki. Kijana mmoja, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu wa shahada ya kwanza kabla ya kuiacha fasihi na kushika lehemu, ana karakana katika chumba cha chini cha nyumba ya familia yao, Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mnamo 2022 alinunua kwa wauza vyuma chakavu wa ng'ambo ya kisiwa ubao wa safari wa aina ile ambayo wasafiri wa miaka ya 1970 na 1980 waliijua katika viwanja vya ndege na stesheni kubwa za dunia. Muuzaji hakujua ubao huo ulifanya kazi wapi. Alijua uzito wake tu, maana aliuuza kwa kilo.

Kwa manufaa ya msomaji ambaye hakuwahi kuuona ubao wa namna hii ukifanya kazi, inafaa tueleze. Hauna taa wala kioo. Una ngoma ndogo ndogo zilizopangwa safu kwa safu, na kila ngoma imefungwa kurasa nyembamba za plastiki nyeusi, arubaini kwa idadi. Kila ukurasa umechapwa pande mbili: mbele umebeba nusu ya juu ya herufi moja, nyuma umebeba nusu ya chini ya herufi inayofuata. Mota huizungusha ngoma, ukurasa mmoja huanguka, nusu mbili hukutana na herufi mpya husomeka. Ikiwa ngoma imesimama kwenye B nayo inatakiwa kuonyesha A, haiwezi kurudi nyuma. Sharti ipite C na D na zote zilizosalia mpaka imalize mzunguko. Ndiyo asili ya ule mvumo wake mashuhuri, kama mvua ya kusi juu ya bati, na ndiyo sababu msafiri aliyeketi huinua kichwa kabla hajajua kilichobadilika. Tumeviita vibapa hivyo kurasa kwa makusudi. Sioni jina jingine linalostahili kitu chembamba, kilichochapwa pande mbili, kinachofunuliwa ili kisomwe.

Ufundi huu ulienezwa duniani na kampuni ya Solari ya Udine, Italia, ambayo asili yake ni ukoo wa mafundi saa wa kijiji cha Pesariis tangu 1725. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Remigio Solari aliubuni utaratibu wa kurasa zinazoanguka, naye msanifu Gino Valle akaupa sura. Saa yao iliyoitwa Cifra 5 ilipata tuzo ya Compasso d'Oro mwaka 1956. Mbao hizo zimekuwa zikiondolewa moja baada ya nyingine. Ule wa stesheni ya 30th Street huko Philadelphia uliteremshwa Januari 2019, na wasafiri wengi walilalamika, si kwa kuwa kioo kipya hakisomeki bali kwa kuwa hakisikiki.

Fundi wetu hakuwa na cha kulalamikia. Alikuwa na kazi. Mota nyingi zilikuwa nzima. Kilichokufa ni akili ya ubao, yaani zile sakiti zilizopokea amri na kuzigawa kwa ngoma, ambazo kutu ya chumvi ilikuwa imezila. Aliziondoa zote. Mahali pake aliweka vibodi vya Arduino, kompyuta ndogo zinazotoshea kiganjani, ambazo tangu 2005 zimewawezesha wapenzi wa elektroniki kote duniani kufanya nyumbani kazi iliyohitaji kiwanda. (Nazo zilizaliwa Italia, katika mji wa Ivrea, kwa hiyo mgonjwa na daktari wametoka nchi moja.) Kwa kuwa kompyuta hiyo huendeshwa kwa volti 5 na mota za ubao zilitaka volti 24, ilibidi aweke transista katikati, na katika kila ngoma sensa ya sumaku ya kumwambia mzunguko umeanzia wapi. Pasipo sensa hiyo ngoma huzunguka bila kujijua. Herufi hutokea lakini hakuna ajuaye ni ipi.

Kisha alifanya jambo ambalo alinieleza kwa haraka, kama mtu anayetaja kitu kidogo, nami naliona kubwa kuliko yote. Ubao ulikuwa na Q na X, lakini haukuwa na kile kiapostrofi kinachotuwezesha kuandika ng'ambo, ng'ombe na ng'amba. Alizing'oa kurasa za X katika kila ngoma akachapa nyingine zenye alama hiyo. Q aliiacha, alisema huenda siku moja akaihitaji.

Hapo, kwa maoni yetu, fundi amekwisha kuwa mhariri. Na mhariri ana maswali ya kujibu.

Falsafa ya Magharibi ina mfano wake maarufu, merikebu ya Theseus iliyosimuliwa na Plutarch: mbao zilipooza zilibadilishwa moja moja hata isibaki ya asili, na wanafalsafa wakabishana kama ni merikebu ileile. Mpwani hana haja ya kwenda Athens. Mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba za nazi, ulikuwa chombo ambacho kubadilishwa ni sehemu ya kuwapo kwake. Kamba zilioza, zikafumuliwa, zikashonwa upya, wala hakuna nahodha aliyeuliza kama chombo chake ni kilekile. Alijua ni chake kwa kuwa kilimpeleka Lamu na kumrudisha. Thomas Hobbes, katika karne ya 17, aliukoleza mfano wa Theseus kwa kuuliza: je, mtu akiziokota zile mbao zilizotupwa akaunda merikebu ya pili, ipi ndiyo ya kweli? Tunaomba msomaji alikumbuke swali hili la mbao zilizotupwa. Tutalirudia, na si kwa hiari yangu.

Wataalamu wa uhifadhi wa majengo nao wamelishughulikia suala hili kwa namna yao. John Ruskin, mwaka 1849, aliona kwamba kulitengeneza jengo la kale lirudie hali yake ni uongo mtupu, na kwamba heri lianguke kwa heshima. Azimio la Venice la 1964 lilikuwa na huruma zaidi: sehemu mpya iruhusiwe, ila ijulikane kuwa ni mpya. Hati ya Nara, Japani, ya 1994 ikaongeza kwamba uhalisi wa kitu hauwezi kupimwa kwa kipimo kimoja kwa tamaduni zote. Katika Mji wa Kale jambo hili halikuwa nadharia. Kuta za nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni za boriti za mikoko. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Aliyedhani anaitia nguvu nyumba ya babu yake kwa kuipiga lipu ya saruji aliufungia ndani unyevu na chumvi, na baada ya miaka michache ukuta ukaanza kumeguka kutoka ndani. Kumbe ugeni wa kitu si kosa. Kosa ni ugeni usiojua desturi za mwenyeji wake. Transista za kijana wetu, kwa kuwa zinaipa mota volti 24 ilizozoea, zina adabu ya chokaa.

Hata hivyo, hoja zote hizi zinauhusu ubao kama kitu, na hapo ndipo tunapoona upungufu wake. Ukuta hausemi kwamba meli inaondoka saa nne. Ubao unasema.

Ubao ulipokwisha kupona, mwenye hoteli mmoja, ambaye jina lake tunalihifadhi, alifika kutaka kuununua. Alitaka uangikwe ukumbini na utangaze safari za zamani: meli za British India zilizokuwa zikipita Mombasa kwenda Bombay, na ndege za makampuni yaliyokwisha kufa, kila moja kwa saa yake. Wageni wangeketi chini yake wakinywa kahawa, wakiusikia mvumo. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri. Kijana aliujaribu ubao kwa maneno hayo, mlango wa karakana ukiwa wazi, na waliokuwa wamekaa barazani wakakusanyika kutazama. Mzee mmoja aliyesimama muda mrefu kuliko wengine akauliza, “Mwanangu, hichi chasema kweli au chacheza?”

Naungama kwamba nilicheka. Sikutambua mpaka nilipofika nyumbani kwamba mzee alikuwa ameuliza swali ambalo sisi wa idara ya fasihi tunalipwa mshahara tulijibu.

Kwani jibu jepesi, kwamba ubao wa hoteli ungesema uongo na kwa hiyo ungekuwa mbaya, haliwezi kutolewa na mtu anayefundisha riwaya. Nasi tunasoma darasani habari za watu ambao hawakupata kuzaliwa na safari ambazo hazikusafiriwa, wala hatumwiti mtunzi mwongo. Mtetezi wa mwenye hoteli angeweza kusema kwamba meli ya Bombay ukumbini ni ya kubuni kama meli ya riwayani. Kwamba hakuna mgeni atakayeburura sanduku lake mpaka gatini kuisubiri. Na kwamba Bombay yenyewe iliitwa Mumbai tangu 1995, kwa hiyo jina lenyewe linatosha kumtanabahisha msomaji kwamba hapa pana mchezo. Hoja hii ina nguvu na hatuna budi kuikabili.

Tunaijibu hivi. Kinachomwokoa mtunzi wa riwaya na lawama ya uongo si ubora wa kazi yake bali ni ile mipaka inayokizunguka kisa: jalada, jina la utanzu, desturi ya “Paukwa!” na “Pakawa!” ambayo kwayo mtambaji na wasikilizaji wake huafikiana kabla ya neno la kwanza. Mipaka hiyo hukubaliwa na pande mbili. Ubao wa safari, kinyume chake, ni utanzu ambao mkataba wake wote ni kwamba msomaji atatenda kwa alichokisoma: atainuka, atabeba mizigo, atamwaga watoto. Ndiyo maana ubao hauna mwandishi anayejulikana, hauna mtindo, na hauna haja ya kusifiwa. Unaaminiwa tu. Kuuchukua mwili wa chombo kilichoundwa ili kiaminiwe, na kuufanya useme kisichoweza kuaminiwa, si kuandika hadithi. Ni kuifanya imani yenyewe iwe pambo. Tunakiri kwamba madhara yake ni madogo. Hatusemi mwenye hoteli ni mtu mwovu. Tunasema kwamba ubao ungekuwa umehifadhiwa kama kitu na kuuawa kama kauli, na kwamba mzee wa barazani, aliyekuwa tayari kuusoma kwa dhati, angeondoka akiwa amejifunza kutousoma.

Ngome ya Yesu inatoa mfano wa upande wa pili. Ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, ikawa jela chini ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958, na baadaye ikafanywa makumbusho. Mawe ni yaleyale, kauli ni tatu, na ya mwisho haizifichi mbili za kwanza; mgeni huelezwa mizinga ilielekea wapi na wafungwa walikaa wapi. Ngome imebadili kazi bila kuongopa.

Kijana aliukataa ununuzi ule. Nasikitika kusema hakuukataa kwa sababu za kifalsafa. Alisema tu kwamba angeona haya mbele ya yule mzee. Ubao akauangika juu ya baraza ya nyumba yao, nao tangu hapo umekuwa ukionyesha mambo mawili: vipindi vya sala na nyakati za maji kujaa na kupwa. Jambo la pili si dogo mahali ambapo wakati wa bamvua tofauti ya maji hupita mita 3, na ambapo wenye ngalawa na mashua bado wapo. Saa zake ni za Kiswahili. Niliposhangaa akanijibu kwamba wanaousoma ni watu wa mtaani, na saa mbili ya asubuhi kwao ni saa mbili.

Msomaji makini ataona kwamba ubao huu umeasi asili yake kuliko ule wa hoteli ungalivyoasi. Haukuundwa kwa ajili ya maji wala sala. Umepoteza akili yake ya kwanza, umepoteza X, na sasa unahesabu saa kwa namna ambayo wabunifu wake wasingeielewa. Wa hoteli ungesema maneno ya aina ileile uliyozaliwa kuyasema, jina la mji na saa ya kuondoka. Hata hivyo tunashikilia kwamba wa barazani ndio uliofufuka, kwa sababu umerudishiwa deni lake: kuna mtu ataiteremsha mashua yake kwa neno lake, na likiwa si kweli atakwama mchangani.

Na deni hilo lina uzito. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima. Kioo cha kisasa kingezimika na kunyamaza. Ubao wa kurasa haunyamazi. Ukurasa uliokwisha kuanguka hukaa ulipoangukia, na umeme ukiondoka maneno ya mwisho hubaki. Asubuhi yake watu walipopita barazani waliyakuta maji ya jana yakiwa yamekodoa macho kama kwamba ni ya leo. Hakuna aliyekwama, maana wenyeji wa bahari hawategemei plastiki, lakini kijana alifadhaika. Alifunga betri ndogo na kuandika programu ambayo, umeme unapokatika, huzigeuza ngoma zote zionyeshe kurasa tupu kabla nguvu haijaisha. Yaani aliufundisha ubao kukaa kimya. Sijui kama katika miaka yangu ya kusoma nadharia ya fasihi nimepata kukutana na funzo bora kuliko hilo kuhusu maandishi: kwamba hudumu baada ya nguvu iliyoyaandika kuondoka, na kwamba kudumu kwake ndiko huyafanya yapotoshe.

Hapa ndipo tunaporejea katika uwanja wetu. Mtaa kwa mtaa na karakana hiyo, katika karne ya 19, palikuwa na kazi nyingine ya ufufuaji. Muyaka bin Haji, aliyezaliwa yapata 1776 na kufa 1840, alitunga mashairi yake kwa ajili ya Mombasa ya wakati wake: siasa za Wamazrui, uhasama na Lamu, bei ya vitu, mapenzi. Mashairi hayo yalikuwa mbao za umma. Yalisemwa ili watu watende. Baada ya kifo chake yalibaki katika vichwa vya watu, na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, ndiye aliyeyakusanya pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Hati hizo zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Kutokana nazo William Hichens alitoa diwani mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mwaka 1979. Kila hatua ilibadili akili ya chombo: kutoka kinywa hadi hati za Kiarabu, kutoka hati za Kiarabu hadi za Kirumi, kutoka Kirumi hadi chapa.

Kila badiliko kati ya hayo ni transista. Hati za Kiarabu kama zilivyozoewa pwani hazikuwa na alama mbalimbali za e na i, wala za o na u. B ilibeba pia p, na mb mara nyingi iliandikwa b tupu. Msomaji aliyeijua lugha alijaza mwenyewe. Anayenakili kwa Kirumi sharti achague, na akisha kuchagua, uchaguzi mwingine wote hufa. Yeye ndiye ile sensa ya sumaku: ndiye anayesema ngoma inaanzia wapi.

Kisha kuna suala la lahaja. Mkutano wa 1928 ulioichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika, kwa kejeli ya historia, Mombasa penyewe. Tangu hapo kila mhariri wa ushairi wa Kimvita amejaribiwa kusanifisha. Barabara ya Mji wa Kale ingali inaitwa Ndia Kuu, na hakuna aliyethubutu kuiandika Njia Kuu. Mashairi hayakubahatika vivyo hivyo. Ichukuliwe kwa mfano beti ambayo kina chake ni -to. Mtunzi wa Mvita atasema mato, nalo litaoana na wito, moto na mtoto. Mhariri mwenye nia njema akiandika macho kwa ajili ya wanafunzi wa shule, atakuwa ameipa beti lipu ya saruji. Kwa nje itapendeza. Ndani, kina kimevunjika, na baada ya miaka mhakiki fulani atakuja kuandika kwamba mtunzi huyo hakuwa mahiri wa vina.

Nilimweleza kijana haya yote siku moja karakanani, na kwa kiburi cha mwalimu nikamuuliza zile sakiti za asili ziko wapi. Akasema alizitupa, vijana wa skrepu walizichukua. Nikamkemea. Nikamwambia habari ya Hobbes na mbao zilizotupwa, nikamwambia kwamba mfufuaji mwenye adabu hutenda kwa namna ambayo atakayekuja baadaye aweze kukitengua alichokifanya, na kwamba kwa kuzitupa sakiti zile alikuwa ameifunga milele njia ya kujua ubao ulipokea amri gani na ulitoka wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwalimu, na ule utenzi wa Kuze, daftari lenyewe li wapi?”

Sina budi kueleza, maana nimekwisha kuliuliza swali kwa wengine. Mwaka 2006, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, bibi mmoja wa mtaa wa Kuze aliniamini kwa siku kumi daftari la marehemu mama yake, lenye utenzi wa nasaha kwa hati za Kiarabu. Niliunakili kwa hati za Kirumi. Sikupiga fotokopi wala picha. Kalamu yangu ilinitosha. Palipokuwa na mato nikaandika macho. Palipokuwa na nti nikaandika nchi. Palipokuwa na shaka nikaamua, wala sikuweka alama ya kuonyesha kwamba nimeamua. Daftari nikalirudisha kwa shukrani. Miaka michache baadaye sanduku lililokuwamo liliingiwa na mchwa. Nakala yangu ndiyo iliyosalia, nayo nimekuwa nikiifundisha, na kijana huyu aliisoma darasani kwangu. Zaidi ya mara moja nimewaambia wanafunzi kwamba katika beti kadhaa mtunzi amelegea katika vina.

Pengine yalikuwa malegeo yake kweli. Pengine yalikuwa yangu. Hilo ndilo lisiloweza kujulikana tena, na lisiloweza kujulikana tena ni aina ya hasara ambayo nadharia zetu za matini, kwa wingi wake na kwa ufasaha wake, hazina jina lake. Mtu anaweza kuniambia kwamba nia yangu ilikuwa njema, kwamba pasipo mimi hata macho yasingebaki. Ni kweli, na kijana naye angeweza kusema kwamba pasipo yeye ubao ungeyeyushwa ukawa sufuria. Utetezi huo unatosha kwa kazi kufanyika. Hautoshi kwa kazi kufanyika kimya kimya. Azimio la Venice liliona sawa: kipya kijulikane kuwa ni kipya. Kurasa za kiapostrofi alizozichapa kijana ni nyeusi iliyopauka kidogo kuliko nyingine. Ukisimama karibu unaziona. Macho yangu hayakupauka. Yamekaa katika beti kana kwamba yalizaliwa humo.

Bibi wa Kuze amekwisha kufariki. Nilikwenda kwa binti yake, mwanamke wa makamo, nikamweleza nilichokifanya. Hakukasirika, nadhani hakuona kwa nini nahangaika. Nilimsomea beti chache kutoka nakala yangu. Alisikiliza, akanikatiza, akasema mamake hakuwa akiisoma hivyo, kisha akaziimba kwa sauti ya chini beti tatu alizokuwa akizisikia utotoni jikoni, akasita katika ya nne, akajaribu tena, akasema basi, zimemtoka. Katika beti ya pili kati ya hizo tatu alisema mato. Nilizinakili palepale, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha chini yake kwa za Kirumi, nikaandika tarehe, na nikaacha nafasi tupu ya mistari minne mahali pa ile aliyoisahau.